Kifaru, Ng'ombe na Hati ya Ardhi

Magharibi ya mji wa Nanyuki, kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, ikweta inakatiza shamba moja la ekari 90,000. Ndilo Ol Pejeta. Limewahi kuwa ranchi ya Lord Delamere, likawa la tajiri wa Kisaudia Adnan Khashoggi, likapita mikononi mwa kampuni ya Lonrho, na mwaka 2004 likanunuliwa kupitia shirika la Fauna & Flora International kwa fedha za Arcus Foundation ili liwe hifadhi. Leo lina vifaru weusi zaidi ya 150, na hakuna makao mengine ya vifaru hao Afrika Mashariki yaliyo makubwa kuliko hayo. Lina pia maelfu ya ng'ombe wa Boran wanaolisha uwanda mmoja na nyati na punda milia.

Uwanda wa juu wa Laikipia umejaa mashamba ya namna hii: Lewa, Borana, Solio, Loisaba, Mpala. Wengine huyataja kama wokovu wa wanyama wa asili wa Kenya, wengine kama jeraha la ukoloni lililofunikwa kwa ngozi ya kifaru. Nimezikusanya hoja hizo na kuzipa watu wanne wazibebe: mzee mfugaji, Mmaasai wa Laikipiak kutoka upande wa Dol Dol; afisa wa hifadhi, mwanamke aliyeanza kazi kama renja; mama mkulima anayepakana na uzio; na mtafiti kijana wa nyasi na wanyama. Watu hawa nimewabuni, ila hoja zao utazisikia Laikipia mwaka mzima. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

AFISA: Shikamoo mzee wangu, na wewe mama. Naomba nianze na kifaru, maana bila yeye tusingekaa hapa. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hawakutimia 400. Pembe zao zilikwenda Yemen kuchongwa mipini ya majambia, zikaenda Asia ya Mashariki kusagwa dawa. Mbuga za serikali zilizidiwa. Waliobaki walikamatwa mmojammoja na kupelekwa mahali penye uzio na bunduki za kuwalinda, na pengi kati ya hapo palikuwa mashamba ya watu binafsi. Solio ilizungushiwa uzio mwaka 1970. Lewa, Anna Merz alianzisha kimbilio la vifaru mwaka 1983 kwenye ardhi ya familia ya Craig. Ol Pejeta ikafuata mwaka 1988 na hifadhi ya Sweetwaters. Sasa Kenya ina vifaru weusi karibu 1,000, na mwaka 2020 ulikwisha bila jangili kumuua kifaru hata mmoja nchi nzima. Renja wamekufa kwa ajili ya hesabu hiyo. Mtu akiniambia mashamba haya hayana maana, naona kama anawatukana marehemu.

MZEE: Marahaba, binti yangu. Marehemu hao hakuna wa kuwatukana hapa, na wengine ni watoto wetu. Mimi nauliza ardhi ambayo kifaru amelindiwa ilipatikanaje. Mwaka 1904 wazee wetu walitia alama zao kwenye karatasi, wakaondoka Naivasha na Nakuru wapishe reli na walowezi. Wakapewa Laikipia. Karatasi ilisema mapatano hayo yangedumu maadamu kuna Wamaasai duniani. Hayakudumu hata miaka 7. Mwaka 1911 ikaletwa karatasi nyingine, watu wapatao 10,000 wakaswagwa kwenda kusini pamoja na ng'ombe wapatao 175,000 na kondoo zaidi ya milioni moja. Wengine waliachwa njiani, watu na mifugo, kwa baridi na maradhi. Parsaloi Ole Gilisho na wenzake wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 wakaambiwa mapatano yale ni ya mataifa mawili, kwa hiyo mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuyaamua. Tulikuwa taifa siku ya kufukuzwa kesi tu.

AFISA: Historia hiyo naijua, baba. Siikatai.

MZEE: Basi jibu hili. Kabla ya waya wa kwanza kuzungushwa Laikipia, kifaru alikuwepo. Simba alikuwepo, mbwa mwitu, ndovu, kongoni, wote. Nani alikuwa meneja wao?

Swali hilo halina jibu jepesi, na sitaki kulipita haraka. Walowezi waliopokea ardhi hiyo hawakuja kuhifadhi. Punda milia walipigwa risasi kwa sababu wanakula nyasi za ng'ombe, na simba waliuawa kwa bunduki na kwa sumu. Kwa miaka mingi ranchi za Laikipia zilimtazama mnyama wa porini kama hasara. Uvumilivu uliingia baadaye, uwindaji ulipokwisha kupigwa marufuku mwaka 1977, bei ya nyama ilipoyumba, na watalii walipoanza kulipa ili wamwone mnyama akiwa hai. Kwa hiyo anayesimulia kwamba mwenye hati alikuwa mlinzi tangu mwanzo hasemi kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba uvumilivu huo ulikuja wakati ambapo nje ya uzio mambo yalikuwa yakiharibika. Kati ya 1977 na 2016 wanyama wakubwa wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa takriban theluthi mbili. Laikipia ni miongoni mwa sehemu chache zilizokataa kufuata mkondo huo kikamilifu, na mashamba makubwa yana mkono katika hilo.

MAMA: Mimi niulize, kwa sababu naona kila mara ni mfugaji na mwenye shamba, sisi wa kati hatuonekani. Baba yangu alitoa pesa kwenye kampuni ya kununua ardhi miaka ya sabini, shamba la mlowezi likakatwakatwa. Mimi nimerithi ekari mbili. Ndovu wakiingia usiku, mahindi ya miezi minne yanakwisha kabla jogoo hajawika. Mtu akiuawa, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema familia ilipwe shilingi milioni 5. Tembea vijijini uulize ni nani amelipwa na alingoja miaka mingapi. Kwa hiyo nyinyi mkisema uzio ni ukoloni, mimi nasema uzio wa stima ndio uliomfikisha mwanangu shuleni asubuhi akiwa salama. Msiuguse.

MZEE: Mama, uzio wako nani ataugusa? Lakini na wewe unajua maji yanakwendaje. Mto unashuka kutoka mlimani, mashamba ya mboga na maua yanauvuta, na nyinyi na mabomba yenu mnauvuta, na sisi tulio chini kwenye Ewaso Ng'iro kiangazi tunakuta mchanga. Ndovu anayekuja kwako amefuata maji yale yale.

MAMA: Hapo umesema kweli, mzee. Hilo la maji tutalimaliza siku nyingine, maana tukilifungua hatutalala.

MTAFITI: Kwa ruhusa yenu wazee, niseme neno kuhusu uzio. Uzio wa Ol Pejeta upande wa kaskazini una mapengo ya makusudi. Nguzo fupi zimepangwa kwa namna ambayo ndovu, twiga na punda milia wanapita, kifaru hawezi. Kwa hiyo wanyama wengi wa hifadhi hiyo ni wasafiri. Wanalala kwa jirani, wanakula kwa jirani, wanarudi. Na vingine vinavyoingia haviulizi mlango. Mwaka 2017 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliwaangamiza karibu mbwa mwitu wote wa Laikipia. Na kuna sisimizi.

MAMA: Sisimizi tena? Tumetoka kwa ndovu.

MTAFITI: Nivumilie mama, hadithi ya sisimizi itakurudisha kwa ndovu. Mnaujua mgunga mfupi wa kwenye udongo mweusi, wenye vinundu vinavyopiga mluzi upepo ukivuma. Ndani ya vinundu huishi sisimizi wa kienyeji. Ndovu akitia mkonga kuvunja tawi, wanamwingia puani na kumuuma, anaondoka. Mti unawapa nyumba, wao wanaulinda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaingia Laikipia sisimizi mgeni, mwenye kichwa kikubwa, aliyesafiri na mizigo ya watu. Anawaua wenyeji na kula mayai na watoto wao, halafu yeye haulindi mti. Penye mgeni huyo, ndovu huvunja migunga mara tano hadi saba zaidi. Miti ikipungua, uwanda unakuwa mweupe. Simba huwinda kwa kujificha, na punda milia sasa anamwona kutoka mbali. Watafiti wakiongozwa na Mkenya Douglas Kamaru walichapisha matokeo yao katika jarida la Science Januari 2024. Mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba wa Ol Pejeta. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 42, na nyati, ambaye mwanzoni hakuonekana kabisa kwenye hesabu, akafika asilimia 42 naye. Idadi ya simba haikupungua. Wamehamia kwa mnyama mkubwa na mkali zaidi, anayeweza kuwaua.

AFISA: Na sisi tunaopita doria kila siku tuliona miti imelala, tukadhani ni ndovu wamezidi.

MTAFITI: Kila mtu alidhani hivyo. Ninachosema ni kwamba shamba linaweza kuwa na askari, mbwa wa kunusa, ndege na uzio wa stima, na mabadiliko makubwa yakaletwa na kidudu kilichopanda lori. Mnyama wa asili hawezi kulindwa peke yake. Ameshikana na mti, mti na sisimizi, sisimizi na udongo. Na katika mlolongo huo yumo ng'ombe.

MZEE: Endelea, kijana wangu.

MTAFITI: Ng'ombe wakilala boma moja kwa majuma kadhaa, mbolea inajaa. Boma likihamishwa, pale panaota nyasi fupi zenye madini kuliko zote za jirani, na swala, punda milia na pofu huja papo hapo. Uwanja kama huo hudumu miongo mingi bila kugeuka kichaka. Mwaka 2018 wanaakiolojia walichapisha uchunguzi wa maboma ya wafugaji wa kale huko Narok, ya kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Udongo wake hadi leo una rutuba kuliko wa pembeni, na wanyama wa porini bado wanaufuata. Hebu fikirini. Mbuga tunazopigia picha tukizisifu kwamba hazijaguswa na mtu, sehemu zake zilitengenezwa na samadi ya ng'ombe wa mababu wa mzee huyu, au majirani wa mababu zake.

Mimi huona hoja hii ndiyo inayobadilisha mjadala mzima. Tukiisadiki, maneno "wanyama wa asili" yanapata upana ambao vipeperushi vya utalii havina. Kifaru mweusi, kongoni, pofu na punda milia wa Grevy, yule mwenye mistari myembamba na masikio mapana aliyebaki takriban 3,000 tu duniani, wote walikua katika nchi yenye ng'ombe na moto na mchungaji anayehama. Kumwondoa mchungaji ili kulinda uasili ni kuondoa sehemu ya uasili wenyewe. Ol Pejeta yenyewe inakiri jambo hilo kwa vitendo, maana inahamisha maboma ya ng'ombe wake makusudi ili nyasi zipone. Kinachobaki kuulizwa ni ng'ombe wa nani.

MAMA: Mimi nina swali la uasili pia. Tunasikia habari za sokwe, na vifaru weupe wa kutoka Ulaya. Hao ni wa Laikipia?

AFISA: La, mama. Sokwe walianza kuletwa mwaka 1993 kutoka Bujumbura, Burundi ilipoingia vitani. Walikuwa yatima, tukawapa pa kuishi. Vifaru weupe wa kaskazini walikuja Desemba 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, nchi ya Cheki. Walikuwa wanne. Sudan alikufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa dume wa mwisho wa jamii yake. Sasa wamebaki Najin na binti yake Fatu, na wanasayansi wanajaribu kupandikiza viinitete kwa vifaru weupe wa kusini ili ukoo usizimike. Asili yao ni Sudan, Uganda, Kongo na Chad. Lakini kwao walimalizwa. Tungewafungia mlango?

MTAFITI: Hapana, lakini tuseme wazi fedha na macho ya ulimwengu yanakwenda wapi. Kongoni wa Laikipia wamekuwa wakipungua, na hakuna kamera iliyokuja kuwalilia. Caroline Ng'weno alifanya utafiti papo hapo Ol Pejeta akaonyesha kwamba simba wana mchango mkubwa katika kupungua huko. Simba wanashiba kwa punda milia walio wengi, wanaongezeka, halafu kongoni walio wachache wanalipa gharama. Kongoni ndiye mwenyeji wa nyasi hizi. Mtalii hamwulizii.

AFISA: Ni kweli hamwulizii. Lakini mtalii aliyekuja kumwaga machozi kwa ajili ya Sudan ndiye aliyelipa mshahara wa renja anayemlinda kongoni. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona tulijifunza maana ya kukosa mgeni. Niambieni fedha nyingine itoke wapi, nami nitafurahi kuacha kuimba jina la Najin kila Jumatatu.

Afisa ana haki ya kuuliza hivyo. Hata hivyo naona hatari anayoikaribia, kwa sababu hifadhi inayoishi kwa machozi ya mtu wa mbali hujifunza kumsikiliza mtu wa mbali. Mgeni atakuja kwa sababu ya kifaru, na kongoni je? Anayejua kwamba kongoni wamepungua, bila kuambiwa na jarida, ni mchungaji anayepita kila siku. Huyo hana kiti kwenye meza ya bodi.

MZEE: Sasa niseme la mwaka 2022, maana mnazunguka tu. Mvua zilikataa misimu kadhaa mfululizo. Ng'ombe walikufa hadi ngozi zikakosa mnunuzi. Serikali yenyewe ilitangaza ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba, na punda milia wa Grevy 49. Sisi tuliona nyasi ng'ambo ya uzio. Ng'ombe anakufa akitazama nyasi! Unamwambia nini kijana wa miaka ishirini ambaye mahari yake na ada ya mdogo wake viko kwenye ng'ombe huyo?

AFISA: Na mimi nitasema la mwaka 2017, baba, kwa heshima. Watu waliingia mashambani na maelfu ya ng'ombe na bunduki za kivita. Mwenye ranchi mmoja aliuawa Machi mwaka ule, nyumba za wageni zikachomwa, polisi na raia wakafa, ndovu na nyati wakapigwa risasi. Njaa ya ng'ombe haikueleza yote. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na ng'ombe wengi hawakuwa wa wale vijana waliokuwa nyuma yao.

MAMA: Walikuwa wa waheshimiwa. Kila mtu anajua.

MZEE: Sitabisha. Kuna watu wanaokaa mjini na ng'ombe wao wanakaa kwetu. Wakati wa mvua hatuwaoni. Wakati wa ukame wanakuja na malori na bunduki, wanamaliza malisho yetu kwanza kabla hawajagusa ya hifadhi. Sisi ndio wa kwanza kuumia, halafu tunahesabiwa pamoja nao.

AFISA: Ndiyo maana naogopa neno "rudisheni ardhi". Ikirudi itakwenda kwa nani? Mama amesema, mashamba ya miaka ya sabini yalikatwa vipande. Vingine havikuweza kulisha mtu kwa sababu mvua haitoshi, wenyewe wakaondoka, sasa ni uwanja usio na mwenyewe unaolishwa na yeyote mwenye nguvu. Hapo hakuna kifaru, na ng'ombe mwenye afya pia hakuna.

MZEE: Mimi sikusema vipande. Nani alikuambia sisi tunajua kukata ardhi vipande? Walioleta misumari na kamba ni wengine. Il Ngwesi ni ardhi yetu ya pamoja, nyumba ya wageni ilifunguliwa mwaka 1996 na bado ni yetu. Sera, kwa ndugu zetu Wasamburu, wamepokea vifaru weusi tangu 2015, na ardhi ni ya jamii. Kwa hiyo msiseme kifaru hukubali kuishi kwa mwenye hati mmoja peke yake.

Hapo ndipo ninaposimama na wote wawili, nikiwa nimekataa nusu ya hoja ya kila mmoja. Shamba kubwa la Laikipia likikatwa vipande, wanyama watakwisha na mfugaji atakwisha nao, kwa kuwa wote wawili wanaishi kwa kuhama. Ardhi hiyo ibaki nzima. Lakini kubaki nzima hakuhitaji kubaki mikononi mwa wachache milele. Katiba ya mwaka 2010 imempunguzia asiye raia umiliki wa ardhi hadi ukodishaji usiozidi miaka 99, na sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016 imetoa njia ya watu wengi kuwa na hati moja. Mlango wa kisheria upo. Lakini mabadiliko ya hati yatachukua kizazi, na ng'ombe hawezi kungoja kizazi. Ndiyo maana nataka wazungumze nyasi kwanza.

MTAFITI: Kwenye nyasi kuna fundo, wazee, na ni afadhali tulitaje. Huko Mpala kuna viwanja vya majaribio vilivyozungushiwa uzio tangu 1995, vingine ng'ombe peke yao, vingine ng'ombe na wanyama pamoja. Wilfred Odadi na wenzake waliwapima ng'ombe uzito. Kiangazi, ng'ombe anayelisha na punda milia na wenzake anaongezeka uzito kidogo kuliko aliye peke yake, kwa sababu wanagombania kidogo kilichopo. Wakati wa mvua inageuka. Punda milia anakula mabua magumu makavu, chini yanachipua majani mororo, ng'ombe ananenepa kuliko akiwa peke yake. Kwa hiyo wanasaidiana masika na kushindana kiangazi.

AFISA: Na mzee anataka nyasi kiangazi.

MTAFITI: Ndilo fundo lenyewe. Akiingia kiangazi, ndio wakati ng'ombe na mnyama wanaumizana.

MZEE: Wewe kijana umepima ng'ombe vizuri, sasa sikiliza mchungaji. Nyasi za kiangazi hutengenezwa masika. Zamani kila boma lilikuwa na malisho ya akiba, ya ndama na ng'ombe dhaifu, hayaguswi mvua ikinyesha. Leo hatuna pa kupeleka ng'ombe masika, kwa hiyo tunakula akiba yetu ingali kijani. Tupe nafasi ndani ya hifadhi wakati wa mvua, wakati ambao wewe mwenyewe unasema hatudhuru, tena tunafaidiana. Malisho yetu yapumzike. Kiangazi turudi kwetu tukute nyasi zimesimama. Hatutahitaji kukata waya wa mtu.

MTAFITI: Baba, hilo linaingia akilini kuliko mengi niliyosoma.

MAMA: Linaingia, lakini mtakaporudi mtakuta nyasi zimesimama kweli, au mtakuta ng'ombe wa mheshimiwa?

MZEE: Hapo ndipo ninapohitaji renja wa binti yangu huyu. Wana redio, wana magari, wanalinda kifaru usiku kucha. Walinde na nyasi zetu masika.

AFISA: Renja wangu wawafukuze ng'ombe kwenye ardhi isiyo yetu? Tutaambiwa tumepanua mipaka.

MZEE: Mkija wenyewe mtaambiwa hivyo. Mkiitwa na kamati ya jamii, kwa maandishi, na vijana wetu wakiwa mbele na nyinyi nyuma, hakuna atakayesema.

Baadhi ya hifadhi za Laikipia tayari hupokea ng'ombe wa majirani, kwa malipo au kwa makubaliano, na ng'ombe wengine huuzwa sokoni kwa bei nzuri wakishanona. Kwa hiyo anachokiomba mzee kina mwanzo wake. Tofauti ni kwamba hadi sasa mara nyingi ni hisani. Meneja akiwa mwema, lango linafunguliwa. Akija mwingine, linafungwa, na mwaka wa ukame ndio linapofungwa zaidi. Mfugaji hawezi kupanga kundi lake kwa kutegemea tabia ya mtu. Naamini kipimo cha shamba lolote la Laikipia linalojiita hifadhi ya wanyama wa asili kinapaswa kuwa hapa: jirani ana haki gani iliyoandikwa, katika msimu gani, kwa ng'ombe wangapi, na anakwenda kwa nani haki hiyo ikivunjwa. Idadi ya vifaru peke yake hainiambii kama wataendelea kuwepo miaka 50 ijayo. Uzio utakaozungukwa na watu wenye njaa na hasira hautadumu hivyo, hata uwe na volti ngapi.

AFISA: Mimi sina mamlaka ya kutia sahihi, baba. Bodi ndiyo yenye neno.

MZEE: Basi bodi ije. Na karatasi iandikwe Kiswahili na Kimaa, isomwe mbele ya watu, wanawake wakiwepo, maana wao ndio wanaokamua. Ifungwe kwenye ardhi yenyewe, asije mnunuzi mwingine akasema hakuwepo. Mbili za kwanza zilitufundisha.

MAMA: Na mimi niandikwe. Ng'ombe wakipita kwangu kwenda kwenye lango hilo, wapite njia moja, kwa saa zinazojulikana. Na uzio wa upande wangu utengenezwe kabla mahindi hayajatoa ndevu.

MTAFITI: Hatuwezi kuandika chochote bila idadi. Mzee, kundi la jamii yako ni ng'ombe wangapi?

MZEE: Mtu haulizwi hilo hadharani, kijana wangu. Ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole.

AFISA: Sisi nasi hatusemi kifaru yupi analala wapi.

MZEE: Hiyo siri yenu ya kifaru siitaki. Lakini ng'ombe wenu wa Boran, hao wahesabuni mlete. Wetu nitawahesabu na wazee wenzangu, kila boma kwa boma lake, nami nitakuletea wewe mwenyewe, si redioni wala kwenye mkutano. Mtafiti atuambie uwanda unabeba wangapi masika, tukizidi, tunapunguza wote, wenu na wetu kwa kiasi kimoja.

AFISA: Kwa kiasi kimoja? Ng'ombe wetu ndio wanaolipa karo za shule zenu, baba.

MZEE: Na wetu ndio wanaolipa za watoto wasiofikiwa na karo zenu. Andika kiasi kimoja, tuone bodi itasema nini.